Serikali Iliporudi Machi

Nchi ninayotaka kuisimulia iko mbali sana na hapo ulipokaa, msomaji. Usijisumbue kuitafuta kwenye ramani, maana serikali yake haipendi kutafutwa. Mimi nilizaliwa huko, nikasomeshwa na serikali hiyo, ikanichanja bega la kushoto, na sina neno baya la kusema juu yake. Nitaeleza tu yaliyomkuta jirani yangu Veneranda, mke wa Damasi mlinzi, mwaka ule tangi la maji lilipoanguka.

Tangi lenyewe lilijengwa katikati ya mji wetu wa Lukweme kuadhimisha uongozi bora. Lilisimama juu ya miguu minne ya zege, refu kuliko kanisa na refu kuliko msikiti, jambo ambalo viongozi wa dini zote mbili walilipongeza kwa pamoja walipoombwa kulipongeza. Maji hayakuwamo, kwa sababu maji yalikuwa kwenye mpango mwingine. Lakini tangi lilikuwapo, limepakwa rangi za bendera, na Damasi aliajiriwa kulilinda lisiibwe.

Damasi alikuwa na mdogo wake, Egidi, injinia wa halmashauri. Mwezi wa Machi Egidi alipanda ngazi akalikagua tangi, akashuka, akaenda ofisini kuandika ripoti kwenye kompyuta na kuituma Wizara ya Maji na Shukrani. Ripoti ilikuwa fupi. Ilisema: "Miguu ina nyufa. Tangi lisijazwe maji."

Mwezi wa Julai lilijazwa maji.

Ilikuwa asubuhi, akina mama wa maandazi na supu wamekaa kivulini chini ya tangi kama kawaida yao. Damasi alisikia mguu mmoja wa tangi ukilia. Akachukua rungu lake akaanza kuwafukuza wale akina mama, anapiga teke masufuria, anapiga kelele, "Tokeni! Tokeni nyie, tokeni!" Walimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika. Mmoja alimmwagia supu. Lakini walitoka wote, na Damasi akarudi kuangalia kama kuna aliyebaki. Tangi likamkuta hapohapo.

Redio ya taifa ilitangaza kwamba huduma ya maji imewafikia wananchi wa Lukweme kwa kasi isiyotarajiwa.

*

Waziri wa Maji na Shukrani wakati huo alikuwa Mheshimiwa Profesa Balozi Balthazari Ngwale. Aliunda tume ya kuchunguza wizara yake, na ili kuepusha urasimu akajiteua mwenyewe kuwa mwenyekiti. Kabla tume haijaanza kazi, alimwita Kizito, mkurugenzi wa kompyuta za serikali. Mazungumzo yao nimeyapata kwa Kizito mwenyewe, mtu mpole na mkweli, kasoro ambayo imemsumbua maisha yake yote.

"Kizito, hii ripoti ya Lukweme," alisema Waziri. "Kompyuta inadai tuliifungua."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Mwezi wa Machi. Ilifunguliwa kwenye mashine ya ofisi yako."

"Nani kaiambia kompyuta?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Kila faili lina tarehe zake. Moja inaonyesha lilifunguliwa lini mara ya mwisho, nyingine lilibadilishwa lini mara ya mwisho. Kompyuta inaziandika yenyewe."

"Yenyewe? Bila idhini?"

"Bila idhini, Mheshimiwa."

Waziri alisikitika. Alikuwa na watumishi wengi, na hakujua kama miongoni mwao yupo mmoja anayefanya kazi hata asipoangaliwa. Akauliza kama kompyuta inaweza kuombwa ifikirie upya.

"Inaweza," Kizito alisema. "Kuna wito maalumu. Programu inakiita kiini cha mfumo, yaani moyo wa mashine, inakitajia jina la faili, inakipa tarehe mbili unazozitaka, ya kufunguliwa na ya kubadilishwa. Kinaziandika."

"Hakiulizi sababu?"

"Sababu hakiulizi. Kinaangalia tu kama anayeita ni mwenye faili au ni mkubwa wa mashine."

"Na mkubwa wa mashine ni nani?"

"Ni mimi, Mheshimiwa."

Waziri alimtazama.

"Ni wewe, Mheshimiwa," Kizito akajirekebisha.

Basi wakalifungua faili. Lugha yetu, msomaji, ni lugha yenye huruma. Hapo penye "ina" ziliongezwa herufi mbili, ikawa "haina". Hapo penye "lisijazwe" zikaondolewa herufi mbili, ikawa "lijazwe". Hesabu ilibaki ileile, hakuna kilichopotea. Ripoti sasa ilisema: "Miguu haina nyufa. Tangi lijazwe maji." Kisha Kizito akakiita kiini cha mfumo na kukiambia kwamba faili hili liliguswa mara ya mwisho mwezi wa Machi, likafunguliwa mara ya mwisho mwezi huohuo wa Machi. Kiini kiliitikia bila kunung'unika.

"Huyu ndiye mtumishi wa umma," alisema Waziri kwa hisia, akaigonga kompyuta begani, yaani pale ambapo bega lingekuwa.

*

Kikao cha tume kilifanyika kwenye ukumbi wa halmashauri, na redio ikakirusha moja kwa moja. Veneranda alikaa mbele, amejifunga kaniki ya msiba. Mumewe alikuwa bado chumba cha maiti, kwa kuwa tume ilisema mwili ni kielelezo na hauwezi kuzikwa kabla ya uchunguzi. Yeye hakuja kutafuta mkosaji. Alitaka tu wamalize, apewe mtu wake.

Egidi aliitwa mbele, akasomewa ripoti yake.

"Hayo si maneno yangu," alisema.

"Jina chini ni la nani?"

"Langu."

"Faili limebadilishwa lini mara ya mwisho?" Waziri alimgeukia Kizito. "Mkurugenzi, waeleze wananchi. Kompyuta ina chuki na mtu?"

Kizito hakuwahi kusikika redioni maishani mwake. Mama yake alikuwa anasikiliza huko kijijini, na ndugu zake wote, na alitaka aeleze vizuri. Akaeleza vizuri mno.

"Kompyuta haina chuki na mtu," alisema. "Faili hili lilibadilishwa mara ya mwisho Machi na kufunguliwa mara ya mwisho Machi. Hizo ni tarehe mbili ambazo mtu anaweza kuzipanga. Ila kuna tarehe ya tatu. Hiyo haipangwi. Ukizigusa zile mbili, kompyuta inaandika yenyewe ni lini umezigusa."

"Na hiyo ya tatu inasemaje?" aliuliza Egidi.

Kizito alikuwa tayari anaitazama skrini. "Alhamisi iliyopita," alisema.

Redio ikaanza kupiga beni ya polisi. Mheshimiwa Waziri alikunywa maji taratibu, glasi nzima, kisha akaamuru Egidi akamatwe kwa kuuliza swali nje ya utaratibu na kwa kuidhinisha tangi bovu. Kikao kikaahirishwa. Veneranda alisimama katikati ya viti, akauliza, "Sasa mume wangu?" Wajumbe walikuwa wanakusanya chupa zao za maji, na hakuna aliyedhani ameulizwa yeye.

*

Kizito hakufukuzwa kazi, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyejua jinsi ya kurekebisha. Alimweleza Waziri kwamba tarehe ya tatu huchukuliwa kwenye saa ya mashine. Mtu akitaka iseme Machi, hana budi kuirudisha saa ya mashine mpaka Machi, azipange tarehe upya, halafu airejeshe saa mahali pake.

"Fanya," alisema Waziri.

"Ila mashine hiyo ndiyo mama wa zote, Mheshimiwa. Hospitali, magereza, shule, uhamiaji, zote zinaiuliza leo ni siku gani. Lakini ni dakika chache tu. Kabla ya chai nitakuwa nimeirejesha."

Saa ikarudishwa. Tarehe ya tatu ikaandikwa upya: Machi. Kizito alikuwa amenyoosha kidole kuirejesha Agosti, Waziri akamshika mkono.

"Subiri kidogo. Leo ni Machi?"

"Kwa sasa, Mheshimiwa."

"Machi tangi lilikuwa limesimama."

"Lilikuwa limesimama."

"Kuna mtu alikuwa amekufa?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Kulikuwa na tume?"

"Haikuwapo."

Waziri aliegemea kiti, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyevua viatu vinavyobana. "Machi ni mwezi mzuri," alisema. "Acha hapohapo."

Jioni hiyo alilihutubia taifa. Nayakumbuka maneno yake kwa sababu tuliagizwa kuyakumbuka.

"Ndugu wananchi, taifa letu lilikwenda mbele kwa kasi kubwa mno. Hakuna nchi katika ukanda huu iliyofika Agosti kwa kishindo kama sisi. Lakini tulipofika tulijiuliza: je, tumewaacha nyuma wananchi wangapi? Serikali yenu sikivu imeamua kuwarudia. Kuanzia leo ni mwezi wa Machi. Msiwe na wasiwasi. Machi tunaijua, tumewahi kuwa nayo."

Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga. Wakulima waliambiwa wapande, wakapanda kwenye vumbi. Wanafunzi waliomaliza mitihani walirudishwa darasani kungoja kuianza. Mwenzangu mmoja aliyeoa mwezi wa Mei alitakiwa na balozi wa mtaa aache kukaa na binti wa watu. Tulizoea. Ukiona wenzako wote wanasema Machi, na wewe unasema Machi, na jua linakuchoma la Agosti, unajifuta jasho na kuendelea.

*

Veneranda alikwenda hospitali. Mhudumu wa chumba cha maiti, mzee mmoja mstaarabu, alimkaribisha kiti, akabonyeza kompyuta, akabonyeza tena.

"Mama, pole," alisema. "Inakataa. Mumeo yu hai."

"Yuko humo ndani, baba. Nimemwona mimi."

"Hata mimi nimemwona, asubuhi nilimfunika shuka. Lakini nikiandika tarehe ya kifo inaniambia tarehe hiyo haijafika. Na bila tarehe ya kifo hakuna cheti, na bila cheti mlango wa nyuma haufunguliwi. Si mimi, mama. Ningekuwa mimi ungekwenda naye sasa hivi."

"Basi nitakuja lini?"

Mzee alifikiri kwa uaminifu. "Labda akifa," alisema, kisha akaona aibu, akainamia kompyuta yake.

Veneranda aliporudi nyumbani alimkuta msimamizi wa walinzi wa halmashauri amesimama karibu na mkeka wa msiba, kofia mkononi. Akina mama wa maandazi walikuwa hapo, maana tangu siku ile hawakuondoka kwa Veneranda. Walipika, walichota maji, na yule aliyemmwagia Damasi supu alikuwa hazungumzi na mtu.

"Shikamoo dada," alisema msimamizi.

"Marahaba."

"Nimekuja kwa habari ya Damasi. Haonekani lindoni."

Veneranda alimtazama. "Ulikuja hapa mwezi uliopita kunipa pole," alisema. "Ulilia, ukakaa hapo alipokaa huyo mama."

"Nakumbuka, dada." Sauti ya msimamizi ilishuka. "Lakini mwezi uliopita ni Februari. Nimetumwa tu. Wamesema asiporipoti atafukuzwa kazi kwa utoro, na tangi litakosa mlinzi."

"Tangi lipi?"

Msimamizi alivaa kofia, akaivua tena, akaondoka.

*

Egidi aliachiwa, kwa kuwa kosa lake lilikuwa bado halijatokea. Askari alimrudishia mkanda wake wa suruali na kumwonya asirudie atakachokuja kufanya. Alikuja moja kwa moja kwa Veneranda, akakaa mkekani.

"Shemeji," alianza. "Wizara wameniita. Wanataka kufanya sherehe pale kwenye tangi. Niseme mbele ya televisheni kwamba nimelikagua na ni zima, kama ripoti yangu inavyosema. Nimekataa."

"Wamekuahidi nini?"

Egidi alianza kuufunga upya mkanda wake.

"Wamekuahidi nini, shemeji?"

"Wamesema nikisema vile, suala la mwili litaangaliwa kwa jicho la pekee."

Veneranda alikunja kitambaa chake cha kichwa mara nne, akakikunjua. "Ungesema," alisema.

"Shemeji, nikisema vile nimemuua mara ya pili. Niliandika mimi kwamba lina nyufa. Nilimwambia na yeye Damasi, akacheka, akasema basi atalala jicho moja wazi. Ndiyo maana aliusikia mguu ukilia. Sasa nikasimame niseme ni zima?"

"Najua uliandika. Mimi najua na wewe unajua." Alianza kulia, bila sauti. "Yuko kwenye friji, Egidi. Umeme ukikatika nashindwa kukaa. Sema wanachotaka. Mimi nataka kumzika mume wangu, basi."

Sherehe ilifana. Vifusi vilizungushiwa vitambaa vya rangi za bendera, na kwaya iliimba ikitazama juu, pale ambapo tangi lilikuwa. Wapiga picha waliambiwa wawapige watu nyuso tu. Egidi alisimama mbele ya kipaza sauti, akatafuta maneno mpaka Waziri akamnong'oneza.

"Tangi ni zima," alisema Egidi.

Watu walipiga makofi. Wale akina mama wa maandazi walisimama nyuma kabisa. Hawakupiga makofi, wala hawakumlaumu, na nadhani angependa wamlaumu.

Baada ya hapo alimfuata Waziri mpaka mlango wa gari. Nilikuwa karibu, nimeshika kiti cha kwaya.

"Mheshimiwa, ule mwili."

"Mwili upi, Injinia?"

"Wa kaka yangu, Damasi. Aliyeangukiwa na tangi."

Waziri alimwekea mkono begani kwa upendo wa kweli. "Ndugu yangu," alisema, "si umetoka kuliambia taifa sasa hivi kwamba tangi ni zima? Limemwangukiaje?"

Kioo cha gari kikapanda.

*

Aliyekuja na njia alikuwa Kizito. Alifika kwa Veneranda akiwa ameshika mkate, kwa kuwa hakujua mtu analeta nini kwenye msiba wa namna hiyo. Aliomba radhi mlangoni na aliomba tena alipokaa. Yule mama wa supu alimtaka anyamaze ale kwanza.

"Ikifika Julai tena, watanipa?" Veneranda alimuuliza.

"Nimeagizwa tukikaribia Juni nipige simu," alisema Kizito. "Ofisi nyingine nazo zimeonja, mama. Kila mmoja ana mwezi anaoupenda. Sidhani kama tutaiona Julai."

"Basi nifanye nini?"

Kizito alieleza, akiutazama mkeka. Hospitali huikabidhi halmashauri miili ya watu wasiojulikana ili wazikwe. Hao kompyuta haiwaulizi chochote: hawana jina, hivyo hawana tarehe ya kufa. Yule mzee wa chumba cha maiti alikuwa tayari. Angeondoa jina la Damasi kwenye shuka na kuandika kwamba ni mwanamume asiyejulikana.

"Ila asitokee ndugu," alisema Kizito. "Akitokea ndugu mtu anakuwa na jina, na akiwa na jina yu hai, atarudishwa ndani. Bwana afya wa halmashauri husimama kaburini kuuliza. Anauliza kila mtu."

Egidi alisema huo ni unyama. Kizito alikubali kwamba ni unyama. Wote wawili wakamtazama Veneranda, na Veneranda akauliza mazishi ni siku gani.

Tulikwenda sisi wachache, tumeachana njiani ili tusionekane tumekuja pamoja. Egidi alibaki nje ya uzio wa makaburi, kwa sababu uso wake ulikuwa umeonekana kwenye televisheni. Alishika waya wa uzio kwa mikono miwili. Akina mama wa maandazi walijifanya wanang'oa majani kwenye kaburi la jirani. Lori la halmashauri lilifika, vijana wakashusha jeneza la mbao nyepesi, na katekista aliyekodiwa kwa siku nzima akasoma sala ya haraka kwa ajili ya ndugu yetu huyu ambaye jina lake Mungu analijua.

Bwana afya alikuwa mtu nadhifu, mwenye kalamu mfukoni. Alimwona Veneranda amesimama ukingoni mwa kaburi, akamsogelea.

"Mama, unamfahamu marehemu?"

Niliona mkono wa Veneranda ukitafuta kitu cha kushika na kukikosa. Waliishi pamoja miaka mingi. Alijua Damasi analala upande gani, alijua anavyokohoa akitaka kusema jambo zito, alijua kwamba anaogopa paka.

"Simfahamu," alisema.

"Mbona unalia?"

"Nimeona hana wa kumlilia."

Bwana afya aliguswa. Alisema watu wenye moyo kama wake wamebaki wachache, na kwamba nchi ingekuwa na raia kama hao mia moja tu ingefika mbali. Kisha akawasimamisha vijana wenye majembe.

"Basi, mama," alisema kwa upole, "kwa kuwa upo, mtupie udongo kwa niaba ya mke wake."

Veneranda akapiga magoti, akachota udongo kwa mikono yote miwili, akamtupia.